Mabaki sifuri hayathibitishi kitu: kwa mnaoanza kukadiria hali ya fida

Ndugu zangu, kukadiria hali ya fida (laini inayogawa umeme kutoka kituoni) ni kutafuta volteji na pembe za nodi zake, yaani maungio yake, kutokana na vipimo; baki ni tofauti kati ya kipimo na thamani iliyokokotolewa. Kila kundi jipya linaleta ripoti ileile: "Jumla ya mabaki ni sifuri, makadirio ni sahihi." Hesabuni vipimo kwanza, tafadhali.

1. Fida ya nodi 10 ina visivyojulikana 19: volteji 10 na pembe 9. Volteji ya kituo, pamoja na makisio (thamani za kukadiria pale pasipo mita) ya kilowati na kilovari (nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi) kwa nodi 9 zilizobaki, ni vipimo 19 kamili. Hapo mabaki ni sifuri hata makisio yakiwa ya uongo, kwa kuwa hakuna kipimo cha ziada cha kumsuta mwenzake.

2. Mkiongeza mita mwanzoni mwa fida, ulizeni kama transfoma yake ya mkondo (kifaa kinachopunguza mkondo ili mita iupime) imefungwa sawasawa. Hapa ndipo mnapoumia, basi twende polepole. Tuseme kila nodi imekisiwa kilowati 200 kwa mkengeuko (kiasi cha kosa kinachotarajiwa) wa asilimia 30, yaani 60. Tukiacha upotevu, jumla ni 1,800. Mita iliyofungwa kinyume inasoma −1,800, nayo mmeipa mkengeuko wa asilimia 1, yaani 18. Tofauti ni 3,600. Kipimo chenye mkengeuko mdogo huaminiwa zaidi, basi uzito uko kwa mita, kwa hiyo programu inazibebesha nodi tofauti hiyo: kila moja inashuka karibu 400, na fida nzima inaonekana inazalisha umeme. Baki la mita lenyewe ni kama 36 tu, ndiyo maana hamlioni. Sanifisheni mabaki, yaani gawanyeni kila baki kwa mkengeuko wa baki lenyewe: yote kumi yanakaribia 20, juu kabisa ya kikomo cha 3, lakini yamelingana. Jaribio linawaambia uongo upo, halimtaji mwongo. Na hapo ndipo mtu anapofuta makisio ya nodi moja, mabaki yanarudi sifuri, anafunga kazi. Nodi hiyo sasa "inazalisha" kilowati 3,400! Msifute. Linganisheni na mita ya transfoma kuu mkiondoa fida nyingine za basi hiyohiyo (nondo ya kituoni inayolisha fida hizo), kisha mtu akakague waya.

3. Nodi isiyo na mteja iwekeni kama sharti la usawa, yaani umeme unaotoka hapo ni sifuri kamili. Mkiifanya kipimo chenye uzito mkubwa kupita kiasi, matriksi (jedwali la namba za hesabu) inayumba na programu haifiki kwenye jibu.

4. Msitenganishe hesabu za kilowati na kilovari kama kwenye laini kuu za msongo mkubwa, kwani kwenye fida ukinzani wa waya si mdogo kando ya riaktansi (kizuizi cha mkondo geu kinachotokana na sumaku ya waya).

5. Mita za wateja hutoa wastani wa dakika 15 au 30, SCADA (mfumo wa kusimamia mtandao kutoka mbali) hutoa thamani ya papo hapo. Mkizichanganya, ongezeni mkengeuko wa zile za wateja, hasa saa za jioni mzigo unapopanda kwa kasi.