Faili halikuwa limepotea

Mwanangu baba,

Mbukwa. Huku hatujambo. Upepo umeanza kupungua, vumbi bado, na zabibu za mwezi wa nane zimekwisha kuvunwa. Mdogo wako amekuwekea chupa mbili za mvinyo ingawa nimemwambia safari yako ni ya mwakani.

Ujumbe wako niliusoma mara tatu. Ulisema mwenzako wa kazini huko Ujerumani alikuuliza kwa utani kama kwenu watu wamestaarabika, ukacheka naye, kisha usiku usingizi ukakataa. Ukaniuliza: "Mama, hivi nchi iliyostaarabika ni ipi hasa? Ni barabara? Ni treni? Ni usafi?" Nilitaka kukujibu kwa sauti kama kawaida yetu, nikaona hapana, hili ni la karatasi. Kurasa hizi mdogo wako atazipiga picha akutumie.

Nianze na neno lenyewe, maana lina mambo yake. Kustaarabu, kwa asili, ni kuwa kama Mwarabu. Neno lilikaa Pwani, na kule Pwani sisi wa bara tulikuwa washenzi. Kwa hiyo tangu lilipozaliwa, babu zetu wa Ugogo, hapa Dodoma, waliachwa nje ya mlango wake.

Na watu hao wa ndani ya mlango walikuwa lazima wapite kwetu. Misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Ikishaipita Mpwapwa inaingia ile nyika kavu waliyoiita Marenga Mkali, kwa ubaya wa maji yake, ndipo inafika kwenye visima vya Wagogo na koo limekauka. Watemi wakatoza: nguo za merikani na kaniki, shanga, waya. Malipo hayo yaliitwa hongo. Mzungu Burton alipita mwaka 1857, Mzungu mwingine, Stanley, mwaka 1871, na wote wawili waliandika malalamiko marefu. Mimi huwa nacheka kidogo nikiyafikiria. Unaijua nchi yetu, mvua ni miezi minne na mwaka mwingine hata hiyo haitimii. Mtu amechimba kisima kwa mikono yake, unakuja msafara wa mamia, wanakunywa, kesho yake kimebaki tope. Tena misafara mingine ilikuwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Basi mwenye minyororo ndiye mstaarabu, mwenye kisima ndiye mshenzi! Sisemi watemi wetu walikuwa malaika. Walijua kukamua. Lakini neno hongo unajua siku hizi limefikia wapi, na nitalirudia, maana linanihusu.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Mwaka 1916 Waingereza waliwafuata Wajerumani mpaka hapa Dodoma. Wote wawili walijiita wastaarabu, na wote wawili walichukua ng'ombe wetu, mtama wetu, na wanaume wetu wa kubeba mizigo yao. Mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata, 1917 mpaka 1920, ndiyo Mtunya. Bibi yangu hakulitaja jina hilo wakati wa kula, hata akiwa mzee. Zamani kwetu mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi asiye na kitu wachache awachunge: ng'ombe ni wa mwenyewe, maziwa ni ya anayechunga. Mtu alikuwa maskini lakini watoto wake wanakunywa maziwa. Sasa ng'ombe wakiisha, utamkabidhi nani nini? Baadaye watu wa mijini wakatuita ombaomba, na wanatuita mpaka leo. Siku moja mwelezee huyo mwenzako, taratibu, mkiwa mnakunywa kahawa. Si kosa lake, ila ajue.

Kuhusu treni sitasema sana. Tunayo. Tangu 2024 ile ya umeme inatoka Dar es Salaam mpaka hapa, na ya haraka saa nne hazifiki. Mimi niliyekuwa nikilala njiani kwenye ile ya zamani naiona kama muujiza. Pale Mtumba wamejenga mji mzima wa serikali, barabara pana mpaka unaogopa kuvuka. Nafurahi, mimi si mzee wa kununia kila kipya. Lakini vyombo peke yake nimeshaona mwisho wake. Waingereza walileta matrekta Kongwa mwaka 1947 kulima karanga, fedha nyingi ajabu, na mwaka 1951 wakaacha. Mvua haba, udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Mzee yeyote wa Kongwa angewaambia, kama wangemuuliza.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia. Sijawahi kukwambia.

Mwaka 1991 nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ambayo sitaitaja, na wewe ukiikumbuka usiitaje. Alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Bahi, amejitanda kaniki, anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia faili halionekani, aje kesho. Faili lilikuwa rafu ya chini, nyuma ya majalada ya zamani, na nililiweka mimi. Mkubwa wangu alikuwa amesema mafaili ya mirathi yasitoke haraka haraka. Hakusema kwa nini. Hakuhitaji kusema, mshahara wetu ulikuwa unaishia tarehe kumi na tano, na mkono mtupu haulambwi.

Alikuja mara ya pili, ya tatu, ya nne. Usiku alilala stesheni. Kila alipoingia nilimwamkia shikamoo, nikampa benchi akae, mara moja nikampa hata maji. Njoo kesho, bibi. Ungeniona ungesema, mama yangu ni mstaarabu. Kwaya nilikuwa naimba, sauti ya pili.

Mara ya tano alikuja na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Akamweka chini pembeni ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, huyu ndiye aliyebaki." Kabla ya saa nne faili lilikuwa mezani kwa mkubwa, na wiki hiyo hiyo bibi akapata barua yake.

Yule jogoo tulimla Jumapili. Ulikuwa na miaka sita. Ulililia firigisi, baba yako akacheka, akakuachia, akasema leo mkubwa wa nyumba ni wewe.

Miaka yote hii nimejiuliza bibi yule alikosa nini. Haki alikuwa nayo, karatasi alikuwa nazo, sheria ilikuwa upande wake. Adabu nilimpa, tena nyingi. Alichokosa ni mtu. Hakuwa na mpwa wizarani, hakuwa na shemeji polisi, hakuna aliyemjua toka getini mpaka kwa mkubwa. Wiki hiyo hiyo alikuja mwalimu mmoja aliyesoma na mkubwa wangu, na faili lake nililitoa akiwa bado anafuta jasho. Kwa hiyo ukiniuliza nchi iliyostaarabika ni ipi, mimi natazama dirisha la ofisi. Namtazama yule asiye na mtu: anapofika pale, anapata kile kile anachopata mwenye mtu, kwa muda ule ule? Basi. Kama anapata, hata barabara iwe ya vumbi mimi nitawaita wastaarabu. Na watemi wetu, pamoja na ukali wao, hongo walimtoza mwenye bunduki na mabunda ya nguo. Mimi nilimtoza mjane jogoo wa mwisho.

Usinijibu kwamba ni mshahara mdogo. Najua ulikuwa mdogo, nilikuwa naupokea.

Siku hizi malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroli namba, namba ya malipo unayopewa. Unalipia kwenye simu, karani hagusi hata shilingi. Vijana wanaona ni urahisi tu, mimi naona mbali zaidi. Kile kitu kinamlinda karani na njaa yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu mwema, mwanangu, na wema wangu haukumsaidia yule bibi. Angesaidiwa na utaratibu ambao hata mtu mbaya angeshindwa kuupindisha. Ila usidhani tumemaliza. "Sistimu iko chini, mama" ni ile ile njoo kesho yangu, imevaa suti tu.

Na huko uliko, treni ziache (mwenyewe umeniambia nazo huchelewa). Nenda siku moja kwenye ofisi wanakopanga foleni wageni, umtazame mkimbizi asiyejua Kijerumani, hana ndugu, hana wakili. Tazama anaambiwa nini, na anaambiwa kwa sura gani, na anarudishwa mara ngapi. Kisha niandikie wewe kama huko wamestaarabika. Nauliza kwa kutaka kujua, sikupimi.

Nilitaka kuishia hapo lakini nitakuwa nimekudanganya. Jumatano iliyopita nilikwenda ofisi moja kufuatilia nakala ya cheti changu cha ndoa. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye mwarobaini nje. Sijakaa hata dakika kumi, kijana wa dirishani akanyoosha shingo: "Shikamoo mama! Si wewe mama yake yule aliyeko Ujerumani? Pita huku." Alisoma na wewe, anakusalimu sana. Nikapita. Magoti yalikuwa yananiuma, na mzee kupishwa si dhambi, kwetu ni heshima. Hilo nililisema moyoni nikiwa naelekea mbele. Lakini hakuniita kwa sababu ya magoti. Nyuma yangu alikuwa binti amebeba mtoto mgongoni, na aliyekuwa jirani yake alisema yupo pale tangu alfajiri. Hakusema neno. Alinitazama tu, akamweka mtoto vizuri kwenye kanga.

Cheti hakikuwa tayari, nimeambiwa nirudi Jumatatu. Nimemwambia mdogo wako anipeleke saa kumi na mbili asubuhi, kabla yule kijana hajafika, nikakae kwenye foleni chini ya mwarobaini. Nitabeba kigoda changu.

Mama yako.