Barua Ni ya Aliyeandikiwa

Mwanangu mpenzi Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Ohio. Sisi hapa Morogoro hatujambo. Goti la baba yako limetulia tangu mvua zilipokatika, na watoto wa Abasi wanauliza habari zako kila wanaposikia simu ikilia. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa makini. Unasema kwamba yule bibi uliyekuwa ukimtunza ameshazikwa, kwamba mpwa wake amekuagiza usafishe chumba na kutupa makaratasi yote, na kwamba chini ya kabati umekuta boksi la viatu lenye barua za wazazi wa marehemu, kuanzia mwaka 1943 hadi 1948. Ukaniuliza, kwa kuwa mama yako alikuwa mkutubi, kama ni halali kuzisoma kabla ya kuzitupa.

Mwanangu, swali linalonikosesha usingizi mimi si la kusoma, ni la wenyewe. Barua hizo ni za nani? Wewe na kaka yako mmenisikia nikilisema jambo hili hadi mkalichoka, lakini nitalisema tena: barua ni ya aliyeandikiwa. Aliyeiandika ameshaitoa mkononi mwake kwa hiari, aliyeibeba ni mchukuzi tu, na sisi wengine wote ni wapita njia.

Nina sababu ya kulishikilia hilo, na sababu yenyewe inahusu barua za aina hiyo hiyo uliyoikuta. Unasema kwamba zile za miaka ya vita ni vikaratasi vidogo vinavyong'aa kama picha, na kwamba maandishi yake yamesinyaa hata unahitaji kioo cha kukuzia. Hizo ni picha kweli. Zinaitwa V-mail, na Wamarekani walizianzisha mwezi Juni 1942, baada ya Waingereza kutangulia na mpango wao unaofanana na huo. Mtu aliandika kwenye karatasi maalumu ya ukurasa mmoja, karatasi ikapigwa picha kwenye mikrofilamu, filamu ikavuka bahari kwa ndege, na ng'ambo ya pili ikasafishwa kuwa kipande cha kutosha kiganjani. Barua 150,000 ambazo zingejaza mifuko 37 yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,100 ziliingia katika mfuko mmoja wa kilo 20 hivi, na nafasi iliyobaki katika meli na ndege ikapakiwa silaha, chakula na dawa. Ile karatasi ya awali, aliyoishika askari mwenyewe, iliharibiwa baada ya filamu kufika salama. Wake wa askari walizoea kubusu karatasi wakiwa wamepaka rangi ya mdomo, na rangi hiyo ilizichafua mashine hata wahudumu wakalalamika.

Nilipokwenda huko kusomea ukutubi mwanzoni mwa miaka ya themanini, Abasi akiwa amebaki kwa bibi yenu Muheza, jambo ambalo hatuna haja ya kulirudia, nilipewa kazi ya jioni katika chumba cha nyaraka cha chuo kimoja. Alikuwapo mama mmoja mjane, umri wake haukuzidi wangu wa leo, ambaye alikuwa amekikabidhi chumba hicho barua zote alizoandikiwa na mumewe kutoka Italia. Kila Alhamisi alikuja kuzisoma. Alivua glavu, akanawa mikono bila kuambiwa, akakaa kwenye meza ya pembeni karibu na kipasha joto, nami nikamletea folda moja baada ya nyingine. Mwanzoni alisoma kimya. Baadaye, alipozoea sura yangu, alianza kunieleza nani ni nani.

Katika barua moja ya mwaka 1944 mumewe alikuwa ameandika kwamba kwa lile aliloulizwa, jibu lake ni ndiyo, na lingekuwa ndiyo hata kama asingeulizwa. Yule mama aliniita, akaweka kidole chini ya mstari ule bila kuugusa, akaniambia kwamba hakumbuki alimwuliza nini. Barua zake yeye hazikuwapo. Askari wa mstari wa mbele alibeba mgongoni kila alichokuwa nacho, na barua za nyumbani, hata zikipendwa namna gani, zililowa, zikachomwa au zikaachwa kwenye mahandaki. Ndiyo maana maktaba nyingi za Marekani zina sauti nyingi zaidi za wanaume waliokuwa vitani kuliko za wanawake waliowaandikia. Mumewe alirudi salama, wakaishi pamoja zaidi ya miaka thelathini, na mama huyo hakuwahi kumwuliza, kwa sababu walipokuwa pamoja hawakuwa na haja ya kufungua barua.

Alhamisi moja aliomba apewe barua ile moja arudi nayo nyumbani. Mkuu wa chumba, mtu mwenye adabu na aliyeijua kazi yake, alimweleza kwamba hati ya kukabidhi ilikwisha kutiwa saini, na kwamba nyaraka zikishapokewa hazitoki. Alimtolea nakala ya fotokopi bila malipo. Akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba ile barua yenyewe ni nakala, ni picha ya karatasi iliyoharibiwa zamani, kwa hiyo hapotezi chochote. Yule mama akamjibu, "Karatasi hii ndiyo iliyofika mlangoni kwangu." Akaichukua fotokopi, akaikunja, akaondoka. Hakuja tena Alhamisi iliyofuata wala ile ya baada yake, na hadi leo, Rehema, nikilikumbuka jibu lile koo langu linakauka.

Najua utakachosema, kwa maana nimejibishana nalo peke yangu kwa miaka mingi. Mkuu alikuwa sahihi. Nimezisimamia taratibu hizo hizo katika kazi yangu yote, na bado naziamini. Kama barua ile ingetoka, huenda leo isingekuwapo, na kijana anayetaka kujua askari wa kawaida aliwaza nini kule Italia asingeikuta. Mkutubi wa watoto wa San Diego, Clara Breed, alizihifadhi barua zaidi ya 250 alizoandikiwa na watoto wa Kimarekani wenye asili ya Kijapani, ambao mwaka 1942 walihamishwa kwa nguvu pamoja na wazazi wao na kufungiwa kambini. Aliwapa postikadi zenye stempu kwenye kituo cha treni ili wamwandikie, akawapelekea vitabu, na uzeeni akazirudisha barua hizo kwa mmoja wa watoto wale, ambaye alizifikisha kwenye makumbusho huko Los Angeles. Angezichoma, tungekosa ushahidi mkubwa. Lakini tazama vizuri: aliyeamua ni Clara Breed, naye ndiye aliyeandikiwa. Kwa hiyo narudi palepale.

Kuna wengine walioniimarisha katika imani hiyo, na sichoki kuwasimulia. Mwezi Februari 1945 jeshi la Marekani, ambalo wakati ule liliwatenga weusi na weupe, lilipeleka Birmingham, Uingereza, kikosi cha wanawake weusi kilichoitwa Batalioni ya 6888, chini ya Meja Charity Adams. Walikuta maghala yenye barua na vifurushi vilivyokadiriwa kufika milioni 17, vilivyokuwa vimekwama huku askari wakidhani wamesahauliwa makwao. Panya walikuwa wameshatoboa vifurushi vya keki, na madirisha yalikuwa yamefunikwa ili ndege za adui zisione mwanga. Wanawake hao walitengeneza kadi zipatazo milioni 7, zenye majina na namba za askari, maana waliokuwa wakiitwa Robert Smith peke yao walizidi 7,500, na bahasha nyingine zilikuwa na jina la nyumbani tu, kama Junior, likifuatwa na maneno Jeshi la Marekani. Walifanya kazi kwa zamu tatu usiku na mchana, kila zamu ikipitisha vipande 65,000 hivi. Walipewa miezi 6 wakamaliza kwa 3. Bunge la Marekani liliwapitishia Nishani ya Dhahabu mwaka 2022, wengi wao wakiwa wameshafariki dunia. Ni nani angelaumu kama wangezitupa nusu ya bahasha zile zisizosomeka? Hawakuzitupa, kwa sababu kila moja ilikuwa na mwenyewe.

Tena walipogundua kwamba askari amekufa, barua ilirudishwa kwa aliyeituma. Hapo ndipo imani yangu inaponibana, nami sikufichi. Ikiwa barua ni ya aliyeandikiwa, na aliyeandikiwa hayupo, na aliyeandika naye hayupo, na binti yao aliyezihifadhi miaka yote hiyo naye umemzika juzi, basi ni za nani? Sheria ya huko inasema karatasi ni mali ya aliyeipokea na warithi wake, ilhali haki ya kuyachapisha maneno hubaki kwa aliyeyaandika na warithi wake yeye. Kwa vyovyote inamwangukia yule mpwa, naye amesema zitupwe. Ni neno la mwenye mali. Lakini je, mtu aliyesema makaratasi yote yatupwe alijua kwamba miongoni mwake mna barua za babu na bibi yake? Kwa maelezo yako hakufungua hata mlango wa kabati.

Sasa kuhusu kusoma, maana hilo ndilo uliloniuliza. Mimi nazigawa barua zako mafungu mawili. Zile za vita zilikwisha kusomwa na watu wengine tangu siku ya kwanza. Afisa wa kikosi alizipitia kabla hazijaondoka, na mahali palipotajwa mji au meli akapafuta kwa wino au kupaondoa kwa wembe. Aliyeandika alijua hivyo, akachagua maneno yake akijua hivyo. Hata babu yako alipokuwa Burma na jeshi la KAR, yaani King's African Rifles la Waingereza, rafiki yake ndiye aliyemwandikia, na huku Muheza mwalimu wa shule ndiye aliyemsomea bibi yako mbele ya majirani, na hakuna aliyeona kwamba heshima yake imevunjwa. Barua za namna hiyo mkono wangu usingesita sana kuzifungua.

Lakini umesema fungu nene zaidi ni la mwaka 1946 hadi 1948, na kwamba mume alikuwa chuoni wakati mke akikaa kwa wazazi wake. Hilo halinishangazi. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia askari waliorudi karo ya masomo, na kufikia mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa maveterani, ilhali nyumba zilikuwa haba kiasi kwamba wengi waliooana walitengana tena ili mmoja asome. Barua hizo hakuna afisa aliyezisoma. Watu hawa walikuwa wamekaa miaka mingi wakiandikiana chini ya jicho la mtu wa tatu, na kwa mara ya kwanza waliweza kusema walilotaka: fedha, ndoto mbaya za usiku, ugomvi na wakwe, mtoto aliyekuwa njiani, ambaye ndiye yule bibi uliyemlisha kwa kijiko. Hizo ndizo zinazonitia shaka. Nikijiuliza kama mkutubi, nasema ni hazina, kwa maana vita vimeandikwa kila mahali lakini mwaka wa kwanza wa amani ndani ya nyumba haujaandikwa sana. Nikijiuliza kama mke aliyewahi kuandikiwa na baba yako kutoka mbali, nasema mikono ya wageni ikae mbali nazo.

Ulimi unaniwasha nikuambie moja kwa moja la kufanya, na baba yako amenishauri mara mbili nikate shauri ili upate amani. Sitakata. Wewe ndiwe uliyeishi na binti yao, unajua alizungumziaje wazazi wake, na unajua kwa nini aliliweka boksi lile chini kabisa ya kabati badala ya kulitupa mwenyewe alipokuwa na nguvu. Ninachokuomba ni kimoja: usizitupe kabla hujampigia yule mpwa simu na kumtajia waziwazi ni barua za nani na za miaka gani. Mwambie pia habari hii, kwa maana huenda haijui: tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika hifadhi ya kumbukumbu za kijeshi huko St. Louis, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya mwaka 1912 na 1960. Kama babu yake alikuwa mmoja wao, inawezekana kabisa kwamba namba ya kikosi iliyoandikwa juu ya vikaratasi vile ndiyo kumbukumbu pekee ya mahali alipokuwa. Akisikia hayo na bado akasema zitupwe, niandikie, tutazungumza tena.

Kwa sasa ondoa rababendi zote, maana huyeyuka na kushika karatasi. Toa na pini zenye kutu, taratibu, usivute. Usizibandike gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Ziache katika bahasha zake na kwa mpangilio ule ule ulivyozikuta, kwa kuwa aliyezipanga alikuwa na sababu, na boksi liwe juu ya meza, si chini, mabomba ya nyumba za huko hupasuka wakati wa baridi.

Shangazi yako anakusalimu na anauliza lini utaleta vipimo vya mshono wa harusi ya binti yake. Mjibu yeye mwenyewe, nimechoka kuwa tarishi.

Ni mimi mama yako akupendaye.