Wanataka kumfungia mwenyekiti nje ya kikao

SWALI: Shikamoo mzee. Chama chetu hapa Voi tulikisajili kuwa kampuni, nami ni katibu wa bodi yenye wakurugenzi watano. Mwenyekiti anashinikiza kampuni inunue ploti ya shemeji yake. Wakurugenzi watatu wamefungua kundi jipya la WhatsApp bila yeye, wakapanga kukutana hotelini Jumamosi, na wameniagiza nisimpelekee notisi. Wanadai kwamba anayejadiliwa hana haki ya kuwepo. Je, niende nikaandike kumbukumbu?
Katibu, Voi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike kitu. Hicho cha hotelini si kikao cha bodi, ni chai ya watu watatu, na lolote watakalopitisha pale mwenyekiti atalipangua mahakamani.

Wenzako wanachanganya vyeo viwili. Uenyekiti, katika kampuni nyingi ndogo, hutolewa na wakurugenzi wenyewe, nao wanaweza kumvua kwa kura nyingi ndani ya kikao halali. Soma katiba ya kampuni yenu uone inasemaje. Ukurugenzi hauko mikononi mwao. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kimewapa wanahisa uwezo wa kumwondoa mkurugenzi, kwa azimio la kawaida, yaani la kura zaidi ya nusu, lililotanguliwa na notisi maalumu, yaani taarifa ya mapema kwa kampuni kwamba azimio hilo litaletwa, naye akiwa na nafasi ya kujitetea. Mpaka hapo, hata akivuliwa uenyekiti asubuhi, notisi ya kikao cha jioni ni haki yake.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1878 huko Uingereza, mkurugenzi mmoja aitwaye Pulbrook alizuiwa na wenzake kuingia vikao vya bodi ya kampuni ya migodi. Jaji Jessel aliamua kwamba mkurugenzi aliyefungiwa nje bila haki anaweza kushtaki kwa jina lake mwenyewe ili aruhusiwe kuingia.

Sasa hiyo ploti. Hapa wenzako wana hoja, na mimi sina huruma na mwenyekiti anayepeleka pesa za wanachama kwa shemeji yake. Lakini dawa yake ni kutangaza maslahi. Lazima aeleze mbele ya bodi, na iandikwe, kwamba muuzaji ni shemeji yake na kama yeye ana fungu lolote humo. Ajenda hiyo isimamiwe na mkurugenzi mwingine. Kura yake, na kama atahesabiwa kwenye akidi, ile idadi inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ni suala la katiba yenu. Wakibaki wanne bado mna bodi ya kutosha. Kwanza mwacheni ajibu maswali, maana bei aliipanga nani hamtajua akiwa nje. Kisha aombwe atoke wakati wa kujadiliana. Nimesema aombwe: kumlazimisha kunahitaji kifungu cha katiba. Wewe andika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Makatibu wengi husahau mstari huo, halafu miaka miwili baadaye wakili anauuliza.

Wakitaka kumvua uenyekiti siku hiyo hiyo, liwe kwenye ajenda, naye asisimamie kura inayomhusu.

Peleka notisi leo kwa wote watano, ajenda zikiwa wazi. Wale watatu wakisisitiza usimpelekee, waambie wakupe agizo hilo kwa maandishi, na nakala ubaki nayo nyumbani.