Sili ya nyuma ya krenki inavuja: mambo ya kujua kabla hujashusha giaboksi

Mkuu, umesema gari lina kilomita 280,000, linadondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi, fundi anasema ni sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokea upande wa giaboksi), nawe unauliza ubadilishe au umimine dawa ya kuzuia kuvuja. Ushauri wangu: giaboksi isishuke mpaka ujue oili inatoka wapi hasa, na kitu gani kimeiua hiyo sili. Sili mpya ikiwekwa juu ya tatizo lile lile itavuja tena, na kazi nzima utairudia.

Anza na chanzo. Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ikivuja kwa nyuma, au swichi ya presha ya oili, au kona ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili huteremka ukutani mwa injini na kudondokea pale pale chini. Osha injini kwa dawa ya kusafishia, iache ikauke, endesha kilomita 20 hadi 30, kisha mulika tochi kuanzia juu. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo ya kushughulikia. Angalia pia oili yenyewe: ikiwa nyekundu, mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki, ikinuka salfa, ni ya giaboksi ya kawaida, na sili inayovuja huenda ni ya shafti ya giaboksi, si ya krenki.

Kinachofuata ni briza, yaani njia ya injini kupumulia, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Valvu ya PCV, ile ya kutolea hewa hiyo, ikiziba, hewa inayopenya kwenye ringi za pistoni hukosa njia, presha inapanda ndani ya injini na kusukuma oili kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), fungua mfuniko wa kujazia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo, hali ni njema. Ikirushwa juu, badilisha valvu na usafishe mipira yake, kisha pima tena. Ikiendelea kurushwa, ringi zimechoka, na hapo hata sili bora haitadumu.

Giaboksi ikishashuka na flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya krenki) ikatoka, usikimbilie kung'oa sili. Sukuma krenki mbele na nyuma ukiwa na geji ya saa, ile yenye mshale wa kupimia msogeo mdogo. Injini nyingi huruhusu mchezo (msogeo) wa takriban milimita 0.1 hadi 0.3, fuata kitabu cha injini yako. Ukizidi hapo, washa za krenki zinazozuia msogeo huo zimelika na mdomo wa sili utakuwa unaburuzwa kila unapokanyaga klachi.

Kung'oa: toboa matundu mawili madogo ya milimita 2 kwenye chuma cha sili, paka grisi kwenye ncha ya drili ili ishike vumbi la chuma, funga skrubu, vuta kwa koleo. Usichokonoe kwa bisibisi upande wa shafti. Mkwaruzo mmoja pale unatosha kuvujisha sili mpya.

Sasa pitisha ukucha juu ya shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua. Kwa kilomita kama hizo, mara nyingi utakuta mfereji. Ukucha ukinasa, sili mpya ikikaa sehemu ile ile haitashika. Njia rahisi ni kuigongesha sili milimita 1 hadi 2 nje au ndani zaidi ya ilivyokuwa, ili mdomo uguse chuma kizima, mradi usizibe tundu la kurudishia oili nyuma yake. Mfereji ukiwa wa kina, nunua slivu nyembamba ya chuma cha pua ya kuvisha shafti. Ukisugua kwa msasa laini, zungusha kufuata mduara tu. Ukiusogeza msasa mbele na nyuma huku ukizungusha, unachora nyuzi kama za skrubu, nazo zitavuta oili nje.

Kosa linaloua sili nyingi mpya ni la kupaka oili bila kujua aina. Sili ya mpira yenye springi hupakwa oili safi mdomoni, na springi hutazama ndani, upande wa oili. Sili ya PTFE (aina ya plastiki ngumu, Teflon), ile yenye mdomo mpana usio na springi, huwekwa kavu kabisa, shafti ikiwa imefutwa, kwa kutumia kikombe cha plastiki kinachokuja nayo. Nyingi za aina hii huhitaji saa kadhaa kabla ya kuwasha injini ili mdomo ujikunje kwenye shafti. Soma karatasi yake. Zote mbili ziingizwe sawasawa kuzunguka. Ikienda upande, itoe utumie nyingine.

Boliti za flaiwili usizipuuze. Kwenye baadhi ya injini matundu yake yanapenya hadi kwenye oili, hivyo bila silikoni ya nyuzi zitavuja na utalaumu sili. Zile za kuvutika, yaani zinazorefuka kidogo zikikazwa, hutumika mara moja tu. Kwa otomatiki, hakikisha toki konveta (kiunganishi cha injini na giaboksi kinachotumia oili) imeingia mpaka mwisho kabla ya kukutanisha giaboksi na injini. Ukilazimisha kwa boliti unavunja pampu ya giaboksi. Klachi iliyolowa oili ibadilishwe.

Kuhusu dawa ya chupa: inalainisha mpira uliokakamaa, basi. Kwa unyevu au matone machache usiku kucha inafaa kujaribiwa kwa kipimo cha chupa. Kwa mfereji wa shafti, mdomo uliolika au briza iliyoziba haifanyi kitu. Mafuta ya breki usimimine kamwe kwenye injini. Yanavimbisha mpira kupita kiasi kisha yanauozesha.

Baada ya kufunga, acha injini sailensa dakika 10 ukiangalia chini, endesha kilomita 50, kagua tena. Unyevu kidogo siku za mwanzo unaweza kuwa mabaki ndani ya nyumba ya klachi. Fuatilia kiwango kwenye kijiti cha oili kila asubuhi kwa wiki moja. Kikishuka huku chini pakiwa pakavu, oili inaungua na si suala la sili tena.