Yaya, ploti na nyumba ya ndoa: majibu kwa wasomaji

Namlipa yaya wangu 9,000 kwa mwezi, analala na kula kwangu. Jirani anasema navunja sheria. Ni kweli? (Mama, Kisauni)

Ni kweli, mama. Yaya ni mfanyakazi kama karani wa benki. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Mombasa kilipanda hadi shilingi 16,113.75, bila kuhesabu posho ya nyumba. Kwa kuwa analala kwako, posho hiyo hudaiwi. Mshahara wenyewe unadaiwa.

Halafu kuna makato. Tuseme umempandishia hadi 20,000. SHA, bima ya afya ya serikali, inachukua asilimia 2.75, yaani 550, kutoka kwake peke yake. Tozo ya nyumba, makato ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, iliyorudi kwa sheria mpya Machi 2024 baada ya mahakama kuifuta ile ya kwanza, ni 300 kwake na 300 kwako. NSSF, akiba ya uzeeni, ni 1,200 kwake na 1,200 kwako. Yeye anapokea 17,950 mkononi, na wewe mfukoni zinakutoka 21,500. Najua ni nyingi kwa nyumba nyingi za Kisauni. Lakini huyo binti ndiye anayekulelea wanao, naye ataugua na atazeeka kama sisi.

Jambo linaloniuma zaidi ni mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi sheria inataka iandikwe, na mwajiri asipoutoa mkataba huo kortini, ni juu yake kukanusha anachodai mfanyakazi. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyelipa vizuri miaka sita, taslimu, bila karatasi hata moja. Yaya alipodai likizo zake, siku 21 kwa kila mwaka, mama wa watu hakuwa na cha kuonyesha. Andikianeni mkataba wiki hii. Kisha nunua daftari la shule, na kila mwisho wa mwezi andika tarehe, kiasi na siku alizopumzika, mtie sahihi wote wawili.

Nina vyumba vitano vya kupangisha, kila kimoja 6,000. KRA, watu wa ushuru, wananidai? (Mzee, Ukunda)

Wanakudai, mzee wangu. Vyumba vikijaa unapata 360,000 kwa mwaka, na ushuru wa kodi ya nyumba unaanzia 288,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, awali ilikuwa 10. Kwako ni 2,250 kwa mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za rangi na mafundi huruhusiwi kuzipunguza kwenye hesabu hiyo.

Nauziwa ploti karibu na bahari. Muuzaji ana hati miliki na sachi, ule upekuzi wa rejista ya ardhi, imetoka safi. Nilipe? (Kijana, Mtwapa)

Usilipe bado, ndugu yangu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati, na kaunti ilikuwa imeubomoa ukuta wake mwaka 2017. Mahakama ilirudi nyuma hadi mgao wa kwanza kabisa wa ardhi hiyo kutoka serikalini, aliopewa Rais Moi, ikakuta utaratibu haukufuatwa. Mgao wa kwanza ukiwa mbovu, wanunuzi wote waliofuata wameuziana hewa, hata aliyenunua kwa nia njema.

Sachi inakuonyesha jina lililopo leo. Haikuambii ardhi ilitokaje serikalini. Dai barua ya mgao, ramani ya upimaji na historia ya wamiliki wote kutoka masjala ya ardhi. Baada ya hapo nenda mwenyewe, bila dalali, asubuhi wavuvi wanaporudi. Waulize kama watu walikuwa wakipita hapo kwenda pwani, na njia ilizibwa lini.

Miaka 14 ya ndoa, nyumba iko kwa jina la mume, sikuwahi kuajiriwa. Tukiachana naondoka na nini? (Dada, Likoni)

Dada, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuoana peke yake hakumpi mtu nusu. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Wengi walisikia sehemu hiyo tu, wakakata tamaa. Katika kesi hiyohiyo mke alipata nusu, kwa kuwa alithibitisha. Na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu kupika, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango. Kama ni Muislamu, sheria hiyo inakuruhusu kufuata sharia ya dini yako, kwa hiyo muone kadhi pia.

Anza kuandika leo: karo uliyotuma kwa M-Pesa, risiti ya mabati, ule mwaka uliomuuguza mama mkwe. Na ukisikia nyumba inatafutiwa mnunuzi, usingoje kikao cha wazee. Nenda masjala ya ardhi na cheti chako cha ndoa, uombe zuio (caution) liwekwe kwenye rejista, nyumba isiuzwe kimyakimya.