Majibu kwa Wasomaji: Wimbo wa Msanii Unapokwama Kabla ya Kufika Kwenye Seva

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tunatengeneza programu ya kusambazia nyimbo za wasanii wasio na kampuni. Upande wa msikilizaji umekamilika, lakini mwimbaji wa taarab tuliyemwomba aijaribu amekata tamaa, kwa sababu kila mtandao unapokatika wimbo huanza kupakiwa upya na bando lake huisha. Je, tumtake apakie MP3 pekee, yaani faili la sauti lililopunguzwa ukubwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi msifanye hivyo. Ni kweli kwamba rekodi ya WAV (faili la sauti lisilopunguzwa) ya kiwango cha CD, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa stereo, huchukua takriban megabaiti 10.6 kwa dakika, na nyimbo za taarab ni ndefu. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ingechukua megabaiti 2.4 tu kwa dakika. Lakini MP3 hupata wepesi huo kwa kutupa sehemu ya sauti ambayo hairudi tena, nanyi mtaipunguza mara ya pili mtakapomwandalia msikilizaji nakala nyepesi. Afadhali programu igeuze WAV kuwa FLAC ndani ya kifaa cha msanii kabla ya kutuma, kwani FLAC mara nyingi hupunguza ukubwa hadi karibu nusu, na ikifunguliwa hurejesha sauti ileile bila kupoteza kitu.

Kosa lenyewe liko kwenye namna ya kupakia. Faili likitumwa kwa mkupuo mmoja, kukatika kwa mtandao kwenye asilimia 90 ni hasara ya bando lote lililotumika, na anayeibeba ni msanii, si ninyi. Ligaweni vipande, tuseme vya megabaiti moja, na seva, yaani kompyuta yenu inayopokea nyimbo, iandike imepokea baiti ngapi. Mtandao ukirudi, programu iulize seva ilipofika, kisha iendelee kutoka hapo. Hamna haja ya kubuni utaratibu huu upya, kwa kuwa upo wa wazi uitwao tus, ambao hautozi chochote. Vipande vyote vikishafika, linganisheni alama ya SHA-256 (msimbo mfupi unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) ya faili lililotumwa na msanii na ya faili lililopokewa, ndipo mumwambie kwamba wimbo umefika. Msifute haraka kazi iliyofika nusu: anayenunua bando kidogo kidogo huenda akarudi baada ya siku kadhaa.

Wakati faili linapanda, mwacheni ajaze jina la wimbo, mtunzi wa mashairi, wapiga ala na prodyuza, na kila neno lihifadhiwe papo hapo. Picha ya jalada inaweza kusubiri.

Jambo ambalo watengenezaji wengi hulisahau, nami naliona zito, ni kubadilisha faili. Prodyuza akigundua kwamba sauti ya fidla imezidi, msanii aweze kuweka faili lililosahihishwa huku kiungo alichokwisha kukituma kwa mashabiki kikibaki kilekile. Rimiksi ni jambo tofauti. Hiyo ni rekodi nyingine, yenye ukurasa wake na namba yake ya ISRC, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi.

Mkimaliza, mrudieni mwimbaji huyo, apakie wimbo mrefu kwa simu yake kupitia bando mtakalomlipia ninyi, na azime data mara kadhaa katikati ya kazi.