Hoteli ya bei ya kati London: msikazanie katikati ya jiji

Ndugu, nimekuelewa: siku nne London, wewe na mkeo, bweni hamtaki, na kila hoteli unayoiangalia karibu na Oxford Street bei inakukata maini.

Sogeeni pembeni kidogo. Mimi ningeanza na Stratford. Iko mashariki, lakini inapitiwa na treni za njia za Central, Jubilee na Elizabeth, na kufika katikati ni dakika chache tu. Hammersmith nayo, upande wa magharibi, iko kwenye njia ya treni ya Piccadilly, ile inayotoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Huko tafuta hoteli za Premier Inn au Travelodge. Hazina mbwembwe, ila unajua unachokilipia.

Mkienda wikiendi, chungulia pia City, eneo la mabenki. Katikati ya wiki watu wa biashara hujaza vyumba. Wakiondoka Ijumaa, bei mara nyingi hushuka.

Soma maelezo ya chumba chenyewe. Niliwahi kukimbilia bei, nikafika, nikavuta pazia zuri tu, nyuma yake ukuta. Dirisha hakuna! Na ilikuwa imeandikwa, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Majengo mengi ya zamani hayana lifti pia, kwa hiyo kama mna masanduku mazito, ulizeni chumba kiko ghorofa ya ngapi.

Bei ya chini kabisa kwa kawaida hairudishwi ukighairi. Kama viza haijatoka, usiiguse. Na mtu akikwambia utume pesa nje ya tovuti uliyowekea nafasi, huyo tapeli.